Tone Lililotuacha kwenye Baridi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nilifunzwa nikiwa darasa la nne, nikaitumia kwenye insha nyingi na mwalimu akanipa alama zangu. Lakini sikuielewa hasa hadi Desemba mwaka 2010, nilipojikuta nimepiga magoti jikoni kwa dada yangu mjini Leeds, Uingereza, usiku wa manane, nimekinga sufuria chini ya bomba la shaba huku mama yetu mzazi akitetemeka chumba cha pili.

Kisa chenyewe ni cha mabomba. Tafadhali usifunue ukurasa ukidhani hayo ni mambo ya mafundi. Ukimaliza kusoma utaona ni mambo ya nyumba, na nyumba ni yako.

Nianze kwa kukueleza boila ni kitu gani, maana sisi wa nchi ya jua hatuna haja nayo sana. Kwetu maji moto ni ya kuoga na ya chai. Kule Uingereza maji moto ndiyo yanayoipasha nyumba nzima joto. Boila ya nyumba ya kawaida ni sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati dogo la vyombo, nalo hutundikwa ukutani, aghalabu jikoni. Ndani yake gesi huwaka na kupasha maji, kisha pampu huyasukuma maji hayo hadi kwenye redieta, yaani yale mabapa ya chuma yaliyofungwa ukutani katika kila chumba. Maji yakishatoa joto lake hurudi kwenye boila kupashwa upya. Ni maji yale yale yanayozunguka mchana na usiku, kama damu mwilini.

Sasa inama utazame chini ya sanduku hilo. Utaona mabomba matano yakitokeza: la kupeleka maji moto kwenye redieta, la kuyarudisha, la maji baridi ya mfereji, la maji moto ya bafuni na jikoni, na la gesi. Kando yake kuna mengine mawili. Moja hutoa maji nje iwapo presha itapanda kupita kiasi, na jingine la plastiki humwaga maji yanayotokana na moshi wa gesi unapopoa. Mabomba saba katika nafasi isiyozidi upana wa meza ya mtoto wa shule. Hapo ndipo kisa changu kilipoanzia.

Dada yangu ni muuguzi. Yeye na shemeji walikuwa wamenunua nyumba ndogo ya matofali, moja katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana kama zilivyo nyingi mjini Leeds. Boila ya zamani ilikuwa imekufa, nao wakamwita fundi aliyewaahidi bei nafuu. Alimaliza kazi kwa siku moja. Boila ilimeta, redieta zikapata moto, kila mtu akafurahi. Mimi nilifika miezi michache baadaye kwa masomo, nikapewa chumba cha juu bila kulipa hata senti ya kodi.

Mabomba yale yalikuwa wazi. Yalishuka kidogo kutoka kwenye boila, yakapinda, yakapita sambamba na ukuta kwa karibu mita mbili hadi pembeni, kisha yakateremka sakafuni. Katika mita zote hizo palikuwa na klipu moja tu, tena ilikuwa imeng'oka kwenye lipu na kubaki inaning'inia kwenye bomba kama hereni. Kwa maneno mengine, mabomba yalikuwa yameshikiliwa na boila yenyewe upande mmoja na sakafu upande wa pili.

Mimi sikuliona hilo. Nilichoona ni kamba ya kuanika nguo! Baridi ilikuwa imeingia, nje nguo hazikauki, na mabomba yana joto zuri la kukausha suruali ya jinzi kwa usiku mmoja. Nikaanika jinzi. Kesho yake nikaanika taulo na koti. Wewe ungefanya nini?

Jioni moja mwezi wa Novemba, nikiondoa nguo zangu, niliona tone. Lilikuwa limening'inia kwenye nati ya bomba la kurudisha maji, chini kabisa ya boila. Nililipangusa kwa kidole. Baada ya muda likatokea jingine.

Hapo ndipo ningesema. Lakini msomaji, nilikuwa nakula na kulala bure katika nyumba ya dada na shemeji. Nilijua nimekuwa nikining'iniza nguo pale. Nikajiambia kwamba nikisema, itaonekana mimi ndiye niliyeharibu boila mpya. Nikaweka kopo chini ya tone hilo, nikalisukuma nyuma ya sabuni za kuoshea vyombo, nikanyamaza.

Boila ina geji ndogo inayoonyesha presha ya maji yanayozunguka. Ikiwa baridi, mshale hutakiwa usimame kati ya bar 1 na 1.5. Asubuhi moja niliukuta umeshuka chini ya 1. Nikajifunza kufungua ile vali ya kujazia maji, kuurudisha mshale panapofaa na kufunga. Mwanzoni nilifanya hivyo mara moja kwa wiki, halafu mara mbili, halafu kila kukicha kabla wengine hawajaamka. Nikajiona mjanja kweli kweli. Kumbe kila nilipojaza maji mapya nilikuwa naingiza hewa mpya ya oksijeni, nayo oksijeni ndiyo inayoozesha chuma cha redieta kwa ndani. Maji yale yale yakizunguka bila kubadilishwa hutulia, lakini maji mapya kila siku huleta kutu, na kutu huwa tope jeusi. Wiki sita nilikuwa nalisha nyumba ya dada yangu kutu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwezi Desemba mama akaja kutoka Voi kumwona mjukuu wake. Hiyo Desemba ya 2010 ndiyo iliyokuwa ya baridi kali zaidi nchini Uingereza tangu mwaka 1910. Theluji ilianguka, ikaganda, ikaanguka nyingine juu yake. Mama hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Isitoshe, ana pumu.

Usiku wa Jumamosi moja dada alikuwa kazini zamu ya usiku, shemeji naye yuko safarini. Nikashuka jikoni nikakuta redieta zimepoa na mshale wa geji umelala. Nikafungua vali ya kujazia kama nilivyozoea. Mshale ukapanda, 0.8, 1, 1.3. Ghafla nikasikia mlio wa tss! Ile nati ikaanza kutema maji, safari hii mkondo mzima, sakafuni, kabatini, kwenye soketi ya ukutani. Nikazima umeme wa boila na kufunga kila vali niliyoiona. Nikakinga sufuria. Mama akaamka, akasimama mlangoni amejifunika blanketi.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Bomba limepasuka, mama."

Akatazama kopo lililojaa maji nyuma ya sabuni. Akatazama ubao wa chini ya kabati uliovimba na kubanduka. Mama si fundi, lakini amelea watoto sita.

"Kopo hili uliliweka lini?"

Nikasema wiki sita. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungesema," akarudi kitandani.

Tulikaa bila joto hadi Jumanne. Mabomba ya boila yalikuwa yameganda mji mzima na mafundi hawashikiki. Tulikuwa na kihita kimoja cha umeme, tukakiweka chumbani kwa mama. Siku ya pili kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Dada, aliyekuwa hajalala sawasawa tangu Jumamosi, alikaa naye na ile dawa ya kuvuta mkononi. Nilikuwa naketi ngazini nikisikiliza pumzi za mama, na naapa sikuwahi kusikiliza kitu kwa makini kama vile.

Jumanne akaja fundi, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kushika spana. Aliweka kiganja chini ya mabomba, akayainua taratibu kama unavyomwinua mtoto kwapani. Yote yakapanda, karibu upana wa kidole. Alipoyaachilia, yakashuka, na sanduku la boila likalia kidogo. Akageuka kwangu na kuniuliza, "Nani anayabeba haya?"

Nikakosa jibu. Na hili, msomaji, ndilo somo nililotaka ulipate. Kazi ya nati na washa yake ni kuzuia maji yasipite. Kiungo kimetengenezwa kufunga, hakikutengenezwa kubeba. Ukikibebesha mzigo kitavumilia wiki, kitavumilia mwezi, lakini mwishowe kitaachia, tena hakitakuambia siku.

Uzito wenyewe unatoka wapi? Mzee alinihesabia. Bomba la milimita 22 hubeba karibu theluthi moja ya lita ya maji kwa kila mita. Hicho ni kidogo. Lakini kwenye bomba la kurudisha maji palikuwa na chujio la sumaku la kunasa kutu, kopo zito lililojaa maji, likining'inia bila mshikizo wowote. Ongeza jinzi mbichi, taulo na koti. Kisha ongeza kile kisichoonekana, nacho ni joto. Shaba ikipata moto hurefuka. Bomba la mita 10 likitoka kwenye nyuzi 15 hadi 75 hurefuka kwa milimita 10 hivi, na likipoa hurudi. Boila huwaka na kuzima mara nyingi kwa siku, kwa hiyo mabomba yale yalikuwa yanasukuma na kuvuta nati ile mchana kutwa na usiku kucha.

Nikamwuliza klipu zilipaswa kuwa ngapi. Akasema kanuni ya mafundi wa huko ni kwamba bomba la shaba la milimita 15 likilala lishikwe kila baada ya mita 1.2, na likisimama kila baada ya mita 1.8. La milimita 22 lishikwe kila mita 1.8 likilala na kila mita 2.4 likisimama. La plastiki lishikwe kwa karibu zaidi, kwa sababu plastiki hulegea ikipata joto. Lakini akanionya kwamba vipimo hivyo ni vya bomba lililonyooka, lisilo na kitu juu yake. Chini ya boila, penye kona na vali na chujio, fundi mwema haangalii jedwali peke yake. Huweka klipu kabla ya kona, huweka baada ya kona, na huweka pande zote mbili za kitu chochote kizito.

Basi akaanza kazi. Lipu ya nyumba ile ilikuwa ya kale, ukiigusa inamomonyoka, ndiyo maana klipu ya kwanza iling'oka. Hakuhangaika nayo. Alikata ubao mnene, akaufunga kwa skrubu ndefu zilizopenya hadi kwenye matofali, kisha klipu zote akazifunga kwenye ubao. Alichagua klipu za plastiki zinazolishika bomba bila kulinyonga, ili likirefuka liteleze. Hata pale bomba lilipopita ukutani hakulisiliba kwa saruji, bali alilivisha bomba jingine pana kidogo lipate kupumua.

Jambo lililonishangaza ni mpangilio wake. Kwanza aliyashikiza mabomba yote ukutani, kisha ndipo akayaunganisha na boila. Alisema bomba linatakiwa lifike lenyewe kwenye mdomo wa boila na kusimama pale, hata kama hakuna nati. Ukilazimika kulivuta au kulisukuma ili nati ishike, basi umeshaunda tone la kesho. Alipomaliza alilegeza nati moja kunionyesha. Bomba halikutikisika hata kidogo. Akaikaza tena.

Kisha akapima bomba la gesi. Nalo lilikuwa limebeba taulo zangu, na kwa wiki sita sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Tulisimama kimya akitazama kipimo chake. Halikuwa likivuja. Akashusha pumzi, nami nikashusha yangu. Kule sheria hairuhusu kazi ya gesi ifanywe na mtu asiyesajiliwa katika orodha ya Gas Safe, iliyoanza kazi mwaka 2009. Nilielewa kwa nini. Maji yakivuja yataharibu mbao, lakini gesi ikivuja huenda asibaki mtu wa kusimulia.

Alipokuwa akitoka alinionyesha lile bomba jembamba la plastiki linalomwaga maji nje. Lilikuwa limelegea katikati ya klipu mbili, likafanya tumbo. Maji hukaa kwenye tumbo hilo, na baridi ikija huganda na kuziba, boila ikazimika. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi mjini majuma hayo. Dawa yake ni kulipa mteremko wa sentimita 4 na nusu kwa kila mita, kulishika kwa karibu lisifanye tumbo, na sehemu ya nje itumie bomba pana la milimita 32.

Nilimwambia dada kila kitu jioni ile. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema jambo moja: "Ulidhani nitakufukuza kwa sababu ya tone la maji?" Ubao wa kabati na sehemu ya sakafu vilibidi vibadilishwe, na redieta mbili zikasafishwa tope. Nilifanya kazi ya kuosha vyombo hotelini kila Jumamosi hadi Pasaka nikamrudishia sehemu ya gharama. Mama alipona, akarudi Voi kwenye jua lake. Siku ya kuondoka, tukiwa uwanjani, aliniambia, "Ukiwa katika nyumba ya watu ukaona jambo, sema. Aibu ya kusema ni ya dakika moja."

Huenda wewe huna boila, wala hutaishi Leeds. Lakini hebu panda juu ya paa la nyumba yako Umoja au Donholm. Tangi la lita 1,000 likijaa hubeba maji ya kilo 1,000. Jukwaa linalibeba tangi, sawa, lakini bomba linalotoka chini ya tangi linabebwa na nani? Mara nyingi linaning'inia kutoka kwenye mdomo wa tangi hadi ghorofa ya chini, jua likililegeza na upepo ukilipiga. Ule unyevu unaouona kila mara mdomoni mwa tangi si bahati mbaya. Kama maji yako hupashwa na jua, yatazame mabomba kutoka kwenye paneli hadi kwenye tangi. Pale maji yanapopanda yenyewe bila pampu, bomba lisiposhikwa likapinda na kufanya nundu, hewa hukwama humo na maji moto hayapandi. Utamlaumu aliyekuuzia paneli, kumbe kosa ni la klipu.

Fundi akija kwako, usimwulize bei peke yake. Mwulize atayashikiza mabomba kwa nini na wapi. Akimaliza, weka kiganja chini ya bomba ulinyanyue taratibu kama alivyofanya yule mzee. Likipanda, mwambie kazi bado. Wafunze watoto kwamba bomba si kamba ya nguo. Bomba la gesi usilijaribu kwa mkono, mwite anayejua.

Na kama kuna kopo ulilolificha mahali nyuma ya sabuni, likikinga tone ambalo mwenye nyumba halijui, basi leo ni Jumapili na watu wote wako nyumbani. Litoe, umwonyeshe.